Kabla hujatoa kifaa kwenye pikipiki ya spoti, jua kilikuwa kinafanya kazi gani

Ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio kutoka Nyegezi, Mkolani, Buhongwa na Luchelele unauliza jambo lile lile kwa njia tofauti. Mmoja anataka kujua akibadilisha sproketi ataongeza spidi kiasi gani. Mwingine anauliza kama ni kweli ekzozi ikitolewa matumbo injini inapata nguvu. Wapo pia wazazi wenye kijana aliyenunua pikipiki ya spoti kwa mkataba, na kila jioni wakisikia mlio unapanda mlima mioyo inawaenda mbio. Tumekusanya majibu hapa ili uyasome taratibu, maana hewani dakika kumi hazitoshi.

Tukisema pikipiki ya spoti hatuna maana ya yale madude ya cc 1000 yanayoonekana kwenye filamu. Tunazungumzia pikipiki ndogo za cc 150 hadi 200, kama Bajaj Pulsar na TVS Apache, zenye tangi lililoinuka, kiti cha abiria kilichokaa juu na breki ya diski mbele. Tunaziingiza humo pia Boxer na TVS za kawaida ambazo vijana wamezigeuza: usukani umefupishwa, saiti mira zimetolewa, madigadi ya nyuma yamekatwa na taa zimeongezwa. Kwa kweli hizi za kugeuzwa ndizo nyingi kuliko zile zilizotoka kiwandani zikiwa za spoti, na ndizo zinazotupa wasiwasi zaidi.

Breki kwanza

Mtu akinunua pikipiki anauliza inakimbia ngapi. Sisi tungependa aulize inasimama wapi. Chukua lami kavu, tairi nzuri, breki nzima na dereva aliye macho. Ukiwa kwenye spidi ya 50, tangu unapoona hatari mpaka pikipiki inaposimama kabisa unatumia kama mita 30. Karibu nusu ya umbali huo unaisha kabla hata hujagusa breki, wakati akili inatambua na mkono unasogea. Ukiwa kwenye 80, umbali unakuwa zaidi ya mita 60. Spidi haijafika hata mara mbili, lakini umbali wa kusimama umepita mara mbili. Hesabu hiyo haina abiria, mchanga wala mvua. Sasa fikiria barabara ya Shinyanga pale karibu na stendi ya Nyegezi, basi linatoka, mama anavuka na beseni, bajaji inageuza bila indiketa. Mita 60 tupu pale huzipati. Sheria inaweka kikomo cha 50 kwenye maeneo ya makazi, na hesabu hii inaonyesha sababu yake.

Kuna imani iliyoenea vijiweni kwamba breki ya mbele inapindua, hivyo dereva anakanyaga ya nyuma peke yake. Ni imani inayoumiza watu. Pikipiki ikianza kupunguza mwendo, uzito wote unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na ya nyuma ikikanyagwa peke yake inafunga tairi na pikipiki inaanza kuteleza kiubavuubavu. Kinachopindua ni kuikamata ya mbele kwa ghafla, au kuikamata huku umelaza pikipiki kwenye kona. Minya taratibu kisha ongeza, pikipiki ikiwa imenyooka, na ya nyuma ikisaidia. Kwenye changarawe au mchanga punguza sana mkono wa mbele, tegemea ya nyuma zaidi, na punguza spidi mapema kuliko unavyodhani inatosha. Jifunze hayo uwanjani asubuhi, kwenye spidi ya 20, halafu 30. Usiyafanyie mazoezi ya kwanza mbele ya fuso.

Breki ya diski ina mafuta yake, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye kifuniko cha kikopo kilicho juu ya usukani. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Yakishanyonya maji mengi, ukishuka mlima mrefu huku umeshika breki yanapata joto na kuchemka, na mkono wa breki unakuwa laini kama sponji. Yabadilishe angalau kila baada ya miaka 2, na mapema zaidi ukiona yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Usiongezee oili ya injini wala maji humo, hata kama umeishiwa njiani. Oili inavimbisha raba za ndani na breki nzima inakufa.

Padi za breki zina mstari au mfereji unaoonyesha mwisho wake. Ukifika hapo, toa. Ukisikia chuma kinakwaruza diski umechelewa, na bei ya diski siyo bei ya padi.

Sproketi, filta na ekzozi

Turudi kwenye swali la sproketi, maana lina hesabu nzuri. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14 unapata 3: sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukiweka ya mbele yenye meno 15, unapata 2.8. Injini ikizunguka kwa kasi ile ile uliyokuwa nayo kwenye 80, sasa unakwenda kama 86. Hiyo ndiyo faida yote, kilomita 6, tena kwenye tambarare na ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria kwenye kilima, injini inakosa pumzi na unalazimika kurudisha gia mapema. Klachi inaungua haraka, petroli inaongezeka, na mara nyingine hata zile 86 huzifikii kwa sababu injini haina nguvu ya kusukuma upepo. Mwanza ni mji wa miamba na vilima. Kwa dereva wa hapa anayebeba watu, sisi tunaona sproketi ya kiwandani ndiyo sahihi.

Kutoa filta ya hewa au kutoboa boksi lake ni kosa ambalo hatuna lugha ya upole kwalo. Vumbi la njia za Luchelele ni mawe yaliyosagika. Likipita bila kuchujwa linaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa kati ya pistoni na ukuta wake. Baada ya muda injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Isitoshe, kwenye pikipiki ya kabureta hewa ikizidi bila petroli kuongezwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka na pistoni inaweza kuungua. Ule mlio wa kuvuta hewa unaomfanya kijana aone pikipiki imekuwa kali ni mlio wa hela zinazotoka mfukoni.

Ekzozi nayo ni hivyo hivyo. Matumbo yake yamepimwa ili moshi utoke kwa mpangilio unaosaidia injini kuvuta. Ukiyatoa unapata kelele, na kwa kawaida unapoteza nguvu ya kuondokea. Injini ikirushwa na kuachiwa, petroli isiyoungua inaripukia ndani ya bomba, pa! pa! Wapo wanaofurahia mlio huo. Mgonjwa aliyelala, mtoto mchanga na ng'ombe aliye kamba ukingoni mwa barabara hawaufurahii, na trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Kaango la khanga

Hapa tunaomba msomaji akae nasi kidogo. Pulsar, Apache na Boxer zote asili yake ni India. Ukitazama upande wa kushoto wa pikipiki mpya, karibu na tairi la nyuma, mara nyingi utakuta wavu au fremu ya vyuma ambayo haionekani kuwa na kazi. Vijana wengi huitoa siku ya kwanza kwa sababu, wanasema, inaifanya pikipiki ionekane ya kizee. Fremu ile ipo kwa sababu India wanawake wengi hupakia kwa kukaa upande, wamevaa sari, na sheria ya nchi hiyo ya magari ya 1989 inataka pikipiki yenye kiti cha abiria iwe na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya tairi la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe.

Sasa badilisha sari uweke khanga, kitenge, au dera. Badilisha tena uweke ncha ya mbeleko mtoto akiwa mgongoni. Nguo ikishikwa na tairi au cheni haichaniki tu. Inamvuta aliyeivaa kurudi nyuma na chini kwa nguvu za injini, na dereva anahisi tu pikipiki imekuwa nzito ghafla. Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya mama wa Kihindi kinamfaa mama wa Nyegezi kwa kila hali. Usikitoe. Kama uliyoinunua ilishatolewa, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kingine kwa vyuma vichache. Hakikisha pia kava la cheni lipo, maana kwenye zilizogeuzwa ndilo linalotangulia kutupwa.

Abiria naye akunje nguo yake aikalie kabla pikipiki haijaondoka, na dereva asione aibu kumwambia: "Mama, kusanya khanga hapo." Mwenye kiti cha spoti kilichoinuka nyuma amwonyeshe pia pa kushika, kwa sababu mara nyingi vyuma vya kushikia vimetolewa na abiria anabaki kuning'inia kwenye mabega ya dereva. Mshikaki kwenye kiti kama kile ni hatari zaidi kuliko kwenye Boxer: uzito wote unakwenda nyuma na juu, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye kilima tairi la mbele linaweza kunyanyuka lenyewe.

Usukani, taa na vioo

Ukifupisha usukani fanya jaribio hili kabla hujatoka gereji. Washa injini, iache taratibu bila gia, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta umevutwa kupita kiasi. Barabarani utapiga kona na pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe. Angalia pia kama vidole vinagonga tangi usukani ukifika mwisho.

Taa za kuongeza zina mambo mawili. Mfumo wa kuchaji wa pikipiki ndogo una kipimo chake: ukipachika taa tatu nne na muziki juu yake, betri inaisha polepole na siku moja usiku taa zote zinafifia ukiwa katikati ya Buhongwa na Usagara. Jambo la pili ni macho ya wenzako. Taa nyeupe kali iliyoelekezwa juu inampofusha dereva wa lori, na lori lililopofushwa linakuja upande wako. Kama ni lazima uongeze, weka moja, ielekeze chini, fundi aiwekee fyuzi yake. Zile za bluu za kumetameta waachie polisi na magari ya wagonjwa.

Saiti mira tumezisema sana redioni na tutaendelea kuzisema. Anayeendesha bila vioo analazimika kugeuza shingo, na ndani ya sekunde ile moja, kwenye spidi ya 50, amekwenda mita 14 bila kutazama mbele.

Matunzo ya kila wiki

Oili: Pulsar nyingi hutumia ya 20W-50, lakini kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Kitabu kinaweza kukupa kilomita 5,000 kati ya kumwaga oili moja na nyingine. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima kwenye vumbi, kusimama na kuondoka, tunashauri asingoje zote. Mwenye kukimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 ndani ya siku 20, na hapo mwaga. Pima kiwango kila Jumatatu, pikipiki ikiwa imesimama wima. Injini ndogo haina oili ya akiba, robo lita ikipungua ni pengo kubwa.

Cheni ilegee kidogo. Ishike katikati ya upande wa chini, uisukume juu na chini: kwa nyingi za aina hii mchezo wa milimita 25 hadi 35 ni sawa, yaani kama upana wa vidole viwili. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inaua beringi za gia boksi, na iliyolegea sana inaruka kwenye meno, na ikiruka ikajifunga kwenye tairi unaanguka. Kama ina raba ndogo kati ya pingili usiioshe kwa petroli, tumia mafuta ya taa na brashi laini, kisha paka oili nzito ya gia. Oili chafu uliyomwaga kwenye injini ina unga wa chuma ndani yake, usiipake. Ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyochakaa haimalizi safari.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi. Kwa Pulsar 150 ni 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kubonyeza kwa kidole gumba siyo kupima. Nyingi za spoti zina tairi zisizotumia tyubu. Msumari ukiingia zinatoa upepo taratibu na unapata muda wa kusimama, kwa hiyo mwambie fundi akuzibie badala ya kukimbilia kuweka tyubu ndani. Na tairi pana kwenye rimu nyembamba linabinuka mgongo kama ndizi. Linapendeza likiwa limeegeshwa tu.

Mwenye Pulsar ya plagi mbili ahakikishe fundi anabadilisha zote mbili. Moja imejificha, na tumesikia za kutosha kuhusu pikipiki iliyokosa nguvu miezi mitatu kwa sababu ya hiyo. Mwenye NS200 inayopozwa kwa maji asijaze maji ya ziwa kwenye rejeta, aweke kipozeo chake. Na hakuna sababu ya kuiingiza pikipiki ziwani kuiosha. Maji yanaingia kwenye beringi na breki, oili yako inaingia kwenye maji ambayo jirani anachota, na sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli kama hizo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Upepo wa darajani na mvua ya kwanza

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, wenzetu wengi wanakwenda Sengerema kwa pikipiki bila kungoja kivuko. Ni kilomita 3 juu ya maji, na mchana upepo wa ziwa unapiga kwa ubavu. Pikipiki nyepesi yenye plastiki za pembeni inausikia upepo huo kuliko Boxer. Punguza mwendo, legeza mikono, bana tangi kwa magoti, na acha nafasi pembeni. Lori likikupita linaukata upepo kwa sekunde moja kisha unarudi kwa nguvu, na hapo ndipo wengi wanayumba.

Mvua za vuli zikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya. Vumbi, oili na petroli vilivyokaa lami kwa miezi vinaelea juu ya maji na barabara inateleza kama kambale. Simama mahali penye paa, mvua ioshe lami kwanza.

Kofia ngumu ni kwa dereva na abiria, wote wawili, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Uchambuzi wa tafiti nyingi za dunia uliotolewa 2008 ulionyesha inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye kiwiko haimo kwenye hesabu hiyo. Iliyowahi kugonga chini kwa nguvu ibadilishwe hata kama nje haina ufa, maana povu la ndani likishabonyea halirudi.

Makaratasi

Pikipiki inayozidi cc 125 inahitaji leseni ya daraja A. Bima ndogo, ile ambayo wengi wanayo, inalipa watu wengine uliowaumiza au mali yao uliyoharibu. Mguu wako hailipi, wala pikipiki yako. Kwa aliye kwenye mkataba maana yake ni kwamba ukivunja mguu utalala Sekou Toure au Bugando wiki kadhaa na marejesho yanaendelea kudaiwa, na bosi anaweza kuichukua pikipiki ukiwa bado kwenye plasta. Mwenye bima kubwa aulize ofisi ya bima kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu mabadiliko ambayo hayakutajwa yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa dai. Na anayenunua kwa mkataba asome kama umeruhusu kugeuza pikipiki, maana mpaka umalize deni siyo yako.

Ukishaamua kubadilisha kitu, vile vya kiwandani vifunge kwenye mfuko viweke juu ya dari: saiti mira, vyuma vya kushikia, kava la cheni, ekzozi. Siku ya kuuza mnunuzi anayejua pikipiki ataviulizia, na siku fundi atakapokuambia hii haiendi barabarani hivi, vya kurudishia vitakuwepo.